Kuhani Mkuu wa Alunguli

Mimi nilikuwa mwalimu wa dini kabla sijawa mwalimu wa kitu kingine chochote. Mwaka ule serikali ilipozichukua shule za misheni na kuliondoa somo la dini kwenye ratiba, mkurugenzi wa shule aliniita ofisini akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu nitafundisha uraia, yaani nyimbo za Chama na namna ya kusimama bendera inapopanda. Nilifundisha. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Lakini kila Jumatano alasiri, nikishatoka shuleni, nilikuwa navua kitenge chenye picha ya Rais, navaa kingine, nashuka hadi kanisani kwetu hapa Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, kuwaeleza watu wazima mambo magumu ya Agano la Kale. Hilo tu ndilo lililobaki langu.

Darasa lilikuwa mabenchi machache nyuma ya kanisa. Walikuja akina mama waliotoka kuuza kwanga, ile mikate ya muhogo, na sombe, majani yake, mashemasi wawili watatu, na mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye duka la chumvi na sabuni. Huyo alikuwa mtu wa sala nyingi, ila hakutaka kujua lolote isipokuwa vipimo: efa ni kilo ngapi, hini ni chupa ngapi, na Mungu alisema nini hasa juu ya mizani. Kitabu changu kilikuwa kamusi moja nene ya Biblia, ya Kifaransa, ambayo wamisionari waliiacha walipokimbia vita. Mchwa walikuwa wameila kuanzia herufi ya S hadi mwisho, kwa hiyo mpaka leo mambo ya Sauli, ya Sulemani na ya Sabato nayajua kwa kukisia.

Nisijisifu bure, kazi haikuwa ngumu. Wamisionari walikuwa wakiona haya kueleza Agano la Kale, wanaruka kurasa nzima. Sisi tulilikuta liko jirani. Mali ya kuolea, mjane kuchukuliwa na shemeji, kutahiri, kukaa chini vumbini wakati wa kilio, kunyoa nywele za msiba, nani atamwambia mtu wa Maniema kwamba hayo ni mageni? Mageni yalikuwa theluji na zaituni. Theluji niliieleza kwa ile barafu ya friji ya watu wa reli, ng'ambo ya mto, na mama mmoja akauliza kama basi mbinguni kwa Wayahudi kulikuwa na friji kubwa namna hiyo. Nilicheka hadi nikakaa.

Siku niliyofundisha miji ya makimbilio nilirudi nyumbani nikiimba. Niliwaeleza kwamba zamani, katika nchi ya Waisraeli, mtu akimwua mwenzake bila kukusudia, ndugu wa marehemu alikuwa na haki ya kumfuata na kumwua popote atakapomkuta. Lakini kulikuwa na miji iliyotengwa, na barabara za kwenda huko zilisafishwa ili mkimbizi asijikwae. Akiingia humo, hakuna wa kumgusa. Akitoka nje ya mpaka, damu yake ni juu yake mwenyewe. Na hakuna fidia, si mbuzi wala fedha. Anakaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Siku anapokufa kuhani mkuu, mkimbizi anarudi kwake, na yule mwenye kudai damu hana neno tena.

Mfano wenyewe uliomo kwenye Torati ni wa watu wawili waliokwenda msituni kukata miti, shoka likachomoka kwenye mpini likamwua mmoja. Darasa zima likaguna. Hapa kwetu kila shamba linaanza kwa shoka, na kila mtu ana hadithi ya shoka lililochomoka likapita karibu na sikio la mtu.

Kisha nikawapa ile tamu niliyoiokota kwenye kamusi. Wazee wa Wayahudi wanasimulia kwamba mama wa kuhani mkuu alikuwa akiwapelekea wakimbizi mikate na nguo, ili waridhike wasiombe mwanawe afe. Walicheka sana. Mke wa mchungaji wetu, ambaye alikuwa anakaa karibu na mlango kwa sababu daima alikuwa ameacha sufuria motoni, akauliza:

"Na kama kuhani hana tena mama?"

"Basi mke wake," nikamjibu.

Akapiga makofi. Mchungaji mwenyewe alikuwa mzee, mama yake alikuwa amezikwa zamani huko upande wa Kailo.

Katika darasa langu kulikuwa na mama mmoja muuza kwanga, mtu mkimya, asiyeuliza kitu. Kwao ni kijiji kimoja kwenye barabara ya Pangi. Alipokwenda kuchukua mihogo aliwasimulia ndugu zake somo hilo jioni wakila, kama mtu anavyosimulia habari za mjini. Sikujua. Nilikuja kujua siku ya Jumapili, miezi michache baadaye, ibada imekwisha, watu bado wanasalimiana uani. Alinijia akiwa ameshika mkono wa mwanamume mmoja kijana, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Mama Mwalimu, huyu njo kaka yangu," alisema, kwa kile Kiswahili chetu ambamo ndiye na ndiyo ni njo. "Shoka yake ilichomoka."

Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Walitumwa kukata mti ulioanguka barabarani. Shoka lilichomoka kwenye mpini likampiga mwenzake kisogoni, akafa palepale. Walikuwa marafiki, wameoa msimu mmoja. Huyu hakukimbilia kwa chifu wala kwa askari wa zandarme. Alikimbia kuja Alunguli, kwa mguu, kwa kuwa dada yake alikuwa amesema kuna mji.

"Ulisema muji iko," aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mimi sikutaka kumuua. Nimefika. Sasa hii njo muji yenyewe, ao niende mbele?"

Nifanye nini? Nilimwambia ukweli. Nilimwambia miji hiyo ilikuwa sita na yote iko mbali, nchi nyingine, zamani za kale. Nilimwambia Kindu si mojawapo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamtazama dada yake, na dada yake akanitazama mimi, na watu wote waliokuwa uani wakanitazama mimi. Alikuwa na mke mwenye mimba kubwa nyumbani. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kuishi na kurudi kwa mke wake.

Mchungaji ndiye aliyetuokoa, au tulidhani hivyo. Alikuja polepole, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, akasikiliza habari yote, akacheka kwa kile kicheko chake cha kukohoa.

"Kumbe mimi njo kuhani mukubwa! Mama Mwalimu, na ile kanzu ya makengele uliyotufundisha, iko wapi? Mutu anaweza kuwa kuhani bila kengele?"

Akaamuru kijana apewe stoo ya ngoma alale humo. Watu wakacheka, wakatawanyika. Jioni hiyohiyo mke wa mchungaji alimpelekea bakuli la sombe na samaki.

Ndugu wa marehemu alifika wiki hiyo. Nilimkuta amekaa ng'ambo ya barabara, kibandani kwa fundi wa baiskeli, panga limeviringishwa ndani ya gunia kando ya mguu wake. Nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, akasimama kunisalimia na kunivulia kofia.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Nauliza tu. Watu wanasema wewe njo unajua hii sheria. Ni kweli akikaa ndani sina ruhusa?"

"Ni sheria ya Wayahudi, baba. Si yetu."

"Lakini iko ndani ya Biblia?"

"Iko."

"Na akitoka inje?"

Alingoja. Mimi ni mtu wa kuudhika haraka, na hapo niliudhika kweli, kwa sababu alikuwa ameuliza vizuri kuliko shemasi yeyote katika darasa langu, na jibu lilikuwapo, na nilikuwa nalijua.

"Kitabu kinasema akitoka nje ya mpaka, mwenye kudai damu hana hatia," nilisema. "Lakini hiyo ilikuwa—"

"Mupaka njo ipi? Ule lipango wa miti?"

Ndivyo ua wetu wa miti ya kupandwa ulivyokuwa mpaka wa mji. Sikuuweka mimi. Aliuweka yeye, na kijana aliyekuwa ndani akaukubali, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuvuka. Kijana alikuwa akifagia hadi kwenye mizizi ya ule ua, anasimamisha ufagio. Mwenzake ng'ambo alikuwa akimtazama. Nyakati nyingine walisalimiana. Walikuwa wanajuana tangu utoto, na kila mmoja alijua mwenzake anafanya linalompasa.

Nilikwenda kwa zandarme. Nilivaa kitenge cha Rais makusudi, niheshimiwe. Mkuu wa kituo alinisikiliza akiwa anasafisha meno kwa kijiti, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeshitaki. Nikamwambia hakuna, familia zote mbili hazitaki mambo ya ofisi. Akauliza kama nina karatasi, maana wao hawana, na bila karatasi hakuna faili, na bila faili hakuna kesi. Akamalizia kwa kuniita raia kwa Kifaransa, kama Chama kilivyoagiza: "Sitwayene, mambo ya kanisa Chama haiingilie." Nilitoka pale nikavuka barabara bila kutazama, hasira imenipanda hadi machoni.

Nikawaendea mashemasi. Wakasema mchungaji ndiye aliyempokea. Nikamwendea mchungaji. Akasema yule wa nje atachoka, ana shamba lake, atarudi. Hakuchoka. Msimu ulibadilika, mvua zikaja, fundi wa baiskeli akamfundisha kuziba mipira, naye akawa anamsaidia kazi ili asile kwake bure. Kila Jumatano alisikia sauti yangu kutoka darasani, maana kibanda kilikuwa karibu. Nilikuwa nafundisha habari za efodi, lile vazi la kuhani, na za kinyago cha nyumbani cha Labani, na huku najua kwamba watu wawili wananisikiliza, mmoja ndani ya ua na mwingine nje, na hakuna mmoja wao anayejali efodi.

Kijana alikuwa akinisubiri mlangoni kila baada ya somo.

"Mama Mwalimu, haujapata njia ingine?"

"Bado."

"Mbuzi? Baba yangu anaweza kutoa mbuzi."

"Kitabu kimekataza fidia. Lakini sikiliza, kijana wangu, wewe hauko chini ya hicho kitabu. Sisi ni watu wa Agano Jipya."

"Ule wa inje anajua hiyo?"

Nilimweleza yule wa nje. Nilikwenda mwenyewe nikasimama kibandani nikamweleza habari yote ya msamaha, nikaeleza vizuri, hata fundi wa baiskeli aliacha kazi akasikiliza. Alinijibu kwa upole kwamba mama yake mzazi hali chakula, anatuma watu kumwuliza kama damu ya mwanawe imelala. Alisema yeye anafuata kitabu, tena anakifuata kuliko wengi, maana angeweza kuuruka ule ua siku yoyote. Hilo lilikuwa kweli.

Mke wa mchungaji alizidi kupika. Mwanzoni ilikuwa sombe, baadaye akaongeza makayabo, samaki wa chumvi, baadaye kuku siku za Jumapili. Akampa shati la mchungaji, kisha suruali. Miguu ya mchungaji ilikuwa imevimba sasa mpaka havai viatu, na usiku hakuweza kulala chali. Nilimwona mama yule akikatiza uwanja na bakuli limefunikwa, anatembea haraka kama anayechelewa. Nilimwambia kwa utani kwamba atamnenepesha mkimbizi hadi asipite mlangoni. Hakucheka. Alisema, "Wacha ashibe, Mama Mwalimu. Mutu mwenye kushiba haombi mingi."

Hapo nilielewa. Nilimshika mkono nikamwambia ile ilikuwa hadithi tu ya wazee, kwamba Mungu haui mtu kwa kuombwa na mwingine. Aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mtoto, akaendelea na bakuli lake.

Habari ya mtoto wa yule kijana ilikuja kwa njia ya dada yake: mke amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Ilitangazwa kanisani. Mchungaji alikuwa bado anakuja ibadani, anabebwa kwenye kiti, na alipomwona kijana analia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, akamwita mbele ya watu wote akamwambia kwa ule utani wake:

"Basi omba mbio! Mutoto anakungoja, na mimi nimechoka na hii miguu."

Watu wakacheka. Kijana alipiga magoti akashika ile miguu iliyovimba, akasema, "Hapana, Pasta. Siombe. Hata siku moja." Nakumbuka mke wa mchungaji alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono imeshika benchi pande zote mbili.

Mchungaji alikufa kabla mvua hazijaisha. Alikufa mchana, ameketi, mke wake akiwa jikoni. Kilio kilipolia, yule wa nje alisimama kule kibandani akavuka barabara. Alisimama kwenye nafasi ya mlango wa ua, hakuingia. Panga alikuwa ameliacha kwa fundi. Kijana naye alikuwa amesimama upande wa ndani, uso umemlowa. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa nimetoka kumfunga marehemu taya kwa kitambaa.

"Mama," yule wa nje alisema, "amekufa. Sasa?"

Nilikuwa nimelifikiri swali hilo kwa miezi. Nilikuwa nimetayarisha jibu, na nililiona zuri. Nikamwambia kwamba kwa sisi Wakristo kuhani mkuu ni Yesu, na yeye alikwisha kufa zamani, mara moja kwa wote, kwa hiyo kijana huyu alikuwa huru tangu siku ya kwanza.

Akafikiri.

"Hapana," alisema. "Ulifundisha kuhani anakufa nyuma, makosa ikiisha kutendeka, si mbele. Kama Yesu alikufa mbele, ile haihesabu kwa ndugu yangu."

Ningekuwa na kamusi nzima pengine ningepata la kumjibu, lakini sidhani. Tulisimama hapo, kilio kinalia nyuma yetu. Kisha yeye mwenyewe akapangusa uso kwa kofia yake.

"Kwangu, pasta njo alikuwa kuhani. Nilimungoja. Imeisha." Akamtazama kijana. "Tutaenda pamoja kisha matanga. Nitasema kwa mama."

Nilifurahi. Naomba nieleweke, nilimpenda sana mchungaji wetu, lakini saa ile nilifurahi kweli.

Watu wa kwetu hawakubali kwamba mtu amekufa kwa sababu miguu imevimba. Miguu imevimba, sawa, nani ameivimbisha? Ndugu za mchungaji walivuka mto kutoka upande wa Kailo, wakazika, wakakaa matangani, na siku ya kuondoa matanga wakauliza swali hilo mbele ya kanisa zima. Nani alikuwa anamtaka afe? Hawakuhitaji kutafuta mbali. Shemasi mkuu alisimama akaeleza kwa ufasaha, akaeleza vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, kwamba mkimbizi hutoka siku kuhani anapokufa, na kwamba kwa sababu hiyo wakimbizi wa zamani walikuwa wakiomba kuhani afe. Akakumbusha ule utani wa siku ya mtoto. Akasema hata marehemu alijua.

Nilisimama. Nilieleza moyo, nilieleza maji yanayojaa mwilini, nilieleza umri. Nilisema kuomba si kuua. Nilipaza sauti, ile sauti yangu nzuri ya bendera. Mpwa mmoja wa marehemu, mtu wa heshima, aliniinulia mkono taratibu.

"Mama Mwalimu, ukae. Wewe mwenyewe njo ulifundisha kama mama ya kuhani alikuwa anawalisha ili wasiombe. Kama maombi haiue, alikuwa anaogopa nini?"

Nilikaa.

Wakamgeukia mjane. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Neno lake moja lingetosha. Angesema tu kwamba kijana yule alikuwa mtu mwema, wangemwacha. Walimwuliza: je, aliomba au hakuomba? Alichezea ncha ya mkeka. Si mwongo yule mama. Sijapata kumsikia akidanganya hata kwa adabu.

"Nilimulisha ili asiombe," alisema. "Sijui kama chakula yangu ilitosha."

Kijana hakutetea nafsi yake. Nilimkuta stoo, amekaa kati ya ngoma, amevaa lile shati la mchungaji.

"Mama Mwalimu, wewe unajua mambo ya Mungu. Mimi sikuomba. Lakini nilikuwa nafikiri mutoto kila siku. Nilikuwa nafikiri nitamuona siku gani. Kama muntu anafikiri hivi, na Mungu anasikia, haiko kuomba?"

Nimeeleza mambo mengi maishani mwangu. Nimeeleza mawe ya kura ya makuhani ambayo hakuna anayejua yalikuwa mawe gani. Nilimwambia sijui. Nikamshika kichwa nikalia juu yake, na hilo halikumsaidia kitu.

Kwa kosa lile la pili hapakuwa na mji. Makimbilio ni ya aliyeua bila kutaka, na huyu, kwa hesabu yao, alitaka. Wapwa wa marehemu walikuwa wamesimama nje ya ua, fimbo mikononi, kweupe, hawajifichi. Mashemasi walikuwa wamesimama ndani. Aliyekuja kumchukua ni yule mwembamba mwenye kikohozi. Alikuwa amelitoa panga kwenye gunia. Alipita katikati yao akaingia uani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatoka na kijana nyuma yake, akawaambia wapwa wa mchungaji kwamba huyu muntu ni wake, amemngoja hapa tangu kiangazi, na hakuna atakayemgusa mbele yake. Wakampisha. Nadhani walidhani anakwenda kumwua.

Alimfikisha kwao. Alimweleza mama yake, na yule mama akala chakula. Hayo niliyapata kwa dada yake. Lakini habari ya Alunguli ilikuwa imewatangulia njiani, maana kuna baiskeli nyingi kwenye barabara ya Pangi. Wazazi wa mke walikuwa wamekwisha kumchukua binti yao pamoja na mtoto. Walirudisha mali yote waliyopokea, hawakubakiza kitu, hata jembe. Walisema hawana ugomvi na mkwe wao kwa ajili ya shoka, shoka ni bahati mbaya. Lakini mtu anayeweza kumwombea mchungaji afe, na mchungaji akafa, huyo halali nyumba moja na binti yao. Kijana aliwaona mke na mtoto mara moja tu, kutoka mbali, mtoto amefungwa mgongoni kwa mama yake, na alipoita, mke alitembea haraka.

Dada yake aliacha kuja darasani. Nilidhani wengine nao wangeacha, na kusema kweli nilitamani waache. Jumatano iliyofuata nilikwenda tu ili nifunge dirisha.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa wamesimama kando ya kuta na nje ya madirisha, watu wa Mikelenge waliovuka mto, watu nisiowajua, wanawake wenye nyuso za matatizo, hata mwalimu mwenzangu wa uraia. Mfanyabiashara wa chumvi alikuwa amenitafutia kiti. Nikawauliza wanataka nieleze nini leo. Walitazamana. Kisha mama mmoja aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgonjwa mapajani na mke mwenzake nyumbani, akauliza kwa sauti ya chini:

"Yale maombi ya wakimbizi, Mama Mwalimu. Walikuwa wanasema maneno gani?"

Niliwaambia kitabu hakisemi. Hakuna aliyeondoka. Walinisubiri, kwa adabu, na nikaona nyusoni mwao kwamba wanadhani ninawaficha hayo maneno.